Saa za Usiku ni Mali ya Nani?

Mwalimu mmoja wa hapa Soitsambu alinijia baada ya ibada, akaniuliza neno ambalo nimelifikiri siku nyingi, nami naona yafaa tulitafakari sote. Alisema, "Baba Mchungaji, mchana nafundisha watoto, na usiku nasoma uchumi nipate shahada ya uzamili. Watu waniambia kwamba natumikia mabwana wawili. Je, natenda dhambi?"

Kwanza niseme wazi kwamba kusoma pamoja na kufanya kazi si jambo geni, wala si la aibu. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London chawatahini watu wakaao mbali nacho. Na kwetu Bunge lilitunga sheria mwaka 1992 ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ili mtu aweze kujifunza pasipo kuacha kazi yake. Tena Mtume Paulo alishona hema huko Korintho, na papo hapo alihubiri Injili. Kazi mbili si mabwana wawili. Bwana wetu alipotuonya, alitaja Mungu na mali. Hakutaja kazi na kitabu.

Nasi twaihitaji elimu hiyo. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 katika eneo la Loliondo zilitengwa kwa ajili ya wanyama wa porini. Katika shauri kama hilo yafaa tuwe na watu wetu wenyewe wajuao kuhesabu thamani ya ng'ombe, ya malisho na ya maji, na kuieleza mbele ya wakuu kwa hesabu isiyopingika.

Walakini jibu halijaisha. Mchana na usiku ni saa 24, kwa tajiri na kwa maskini, wala hakuna chuo kiwezacho kuziongeza. Asomaye saa tatu kila siku amezitoa mahali fulani. Basi ulizo la haki ni hili: amezitoa kwa nani? Akizitoa katika usingizi wake na mazungumzo yake, ametoa kilicho chake. Akisoma vitabu vyake darasani, na watoto wamekaa pasipo kufundishwa, amevunja amri ya saba, maana mshahara wa saa ile hupokea. Na akizitoa kwa mkewe, ambaye sasa huchota maji, hukama ng'ombe na kulaza watoto peke yake, ajue kwamba amekopa, na deni hulipwa. Naye achukuaye pasipo kuomba hakukopa.

Nisemalo nalijua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisoma kwa ajili ya mtihani huku nikitunza usharika. Jioni moja kijana alikuja kuniita kwa mzee mgonjwa aliyetaka Chakula cha Bwana. Nilimwambia, "Nitakuja kesho asubuhi." Nilipofika bomani asubuhi, mzee alikuwa amekwisha kufa. Mtihani nilifaulu. Hakuna aliyenilaumu; hata mjane wake alinipokea kwa upole. Lakini leo sikumbuki swali hata moja la mtihani ule, na uso wa kijana yule mlangoni naukumbuka.

Neno ambalo Wazungu huitia elimu ya uchumi latoka katika Kiyunani, na maana yake ni utunzaji wa nyumba. Neno hilo limo katika Injili ya Luka, sura ya 16, na katika Biblia yetu limeandikwa uwakili. Basi, mtu apataye shahada ya kutunza nyumba, na nyumba yake mwenyewe imebomoka, amejifunza nini?

Nilimjibu mwalimu, "Kusoma kwako si dhambi. Lakini leo, kabla ya kufungua kitabu, keti na mama watoto, umwambie miezi iliyobaki, umwombe ruhusa. Na mkuu wako wa shule vilevile ajue. Wasipokubali yote, usiache masomo, bali ongeza muda. Ng'ombe waendao polepole nao hufika majini."

Baada ya juma moja alirudi. Mkewe amekubali, kwa sharti kwamba jioni mbili za kila juma asiguse kitabu. Kwa hiyo atachelewa kumaliza kwa mwaka mmoja. Hakufurahi, wala sikumwambia afurahi. Lakini jioni hizo mbili amezitoa.

Basi, ndugu, tusiwacheke watu wasomao usiku, bali tuwasaidie kwa kadiri tuwezavyo. Nanyi msomao, Mungu awape macho yenye nguvu na akili ya kuelewa. Lakini mtu akibisha hodi, funikeni kitabu kwanza, ndipo mwulize ana haja gani.