Maua ya Mlimani: Ni ya Kula ao ya Kutazama?



Kuna swali moja ambalo mtu mwenye njaa ana haki ya kutuuliza. Ua lisilotia kitu ndani ya chungu lina faida gani? Na yule anayepanda mlima siku nzima ili aone maua tu, kiisha anashuka mikono mitupu, je, hakupoteza siku yake? Swali hili si la kuchekwa. Tulichunguze pamoja, polepole.

Hapa kwetu Haut-Katanga mlima wa namna hiyo upo. Ni Kundelungu, upande wa kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, ambako hifadhi ya taifa iliundwa mwaka wa 1970. Chini kuna bonde pana la mto Lufira. Juu, zaidi ya meta 1,600, kuna uwanda wa majani usio na miti mirefu. Katikati kuna mteremko mkali wa mawe na miti ya miombo. Pale ukingoni mto Lofoi unaanguka zaidi ya meta 300 ndani ya korongo. Wakati wa mvua unanguruma. Mwisho wa kiangazi maji yanabaki kama uzi.

Wakati mzuri wa kupanda ni tangu mwezi wa 9 mpaka wa 11. Moto wa kiangazi umekwisha kupita, udongo ni mweusi, na mvua ya kwanza inakaribia. Miti ya mteremkoni inatoa majani mapya mekundu hata mbele ya mvua kunyesha. Magoti yanalia, pumzi inakatika, kila mtu anatafuta fimbo. Tukifika juu tunakuta maua yametoka ndani ya majivu, mengine hayapiti urefu wa kidole. Mwenye haraka atasema ni majani tu. Lakini mengi kati yao ni miti ya kweli, ambayo shina lake kubwa limejificha chini ya udongo. Moto unachoma kichwa, mwili unabaki mzima. Kwa hiyo udogo tunaouona kwa macho si kipimo cha kitu chenyewe.

Basi njaa inaingia wapi? Inaingia kwa njia ya kikanda. Mama anayekiuza sokoni anakikata vipande kama mkate. Ni unga wa vizizi uliopikwa pamoja na karanga zilizosagwa, magadi na pilipili. Vizizi hivyo ni vya maua ya jamii ya okidi, yanayoota porini wakati wa mvua. Hayalimwi kama muhogo. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na haioti mpaka ipate kuvu fulani ndani ya udongo wa kuilisha. Chini ya ua kuna vizizi viwili: cha zamani, kinacholisha ua la mwaka huu, na kipya, kinachoweka akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anatafuta kile kipya, kilicho kigumu na kizito. Akikitoa, ua limekufa.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Huko Zambia maua hayo yalipungua sana, wafanya biashara wakaenda kuyatafuta Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulikadiria kwamba mamilioni ya vizizi yalivuka mpaka kila mwaka. Mwaka wa 2005 Tanzania ilifanya uwanda wa Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, zaidi sana kwa ajili ya maua yake.

Sasa nani ana haki? Wa kwanza anasema: mwenye njaa atangulie. Tunamheshimu. Mama anayechimba hana mshahara, na watoto wake hawawezi kula rangi. Lakini anayekula kizizi kipya anakula pia chungu cha mwaka ujao. Njaa ya leo ina haki. Haina haki ya kuzaa njaa nyingine.

Wa pili anasema: ua lisiguswe kabisa. Maneno haya ni mepesi kwa mtu aliyekunywa chai asubuhi. Naye akifika juu anakanyaga huku na huku, anachuma fungu la kupeleka nyumbani, linanyauka njiani. Yeye pia amekula, ila hakushiba.

Sisi tunaona kuna jambo la ndani zaidi. Kama tunapima kila kitu kwa chungu, kipimo hicho hakitaishia kwenye maua. Kitaingia nyumbani. Babu asiyeweza tena kushika jembe anatia nini ndani ya chungu? Na mtoto aliyezaliwa kilema? Hakuna mmoja wetu anayekubali watupwe. Tunawatunza kwa sababu wapo, na kwa sababu Muumba hakutuomba ruhusa ya kuwaumba. Mtu aliyezoea kuheshimu kitu kisichomlipa, hata ua la urefu wa kidole, moyo wake umekwisha kufundishwa. Ndiyo sababu yule aliyeshuka mikono mitupu hakupoteza siku. Mteremko ule ulimfanya mgeni: alifika amechoka, akakuta karamu ambayo hakuiandaa yeye, na ambayo ingekuwako hata asingekuja.

Lakini heshima isiyogharimu kitu ni maneno matupu. Kijana anayepanda afuate njia moja, aache maua mahali pake. Mchimbaji aache mengi yakomaze mbegu, wala asirudi kuchimba mahali palepale kila mwaka. Na sisi wa mjini tujue kwamba jembe lile linashikwa na mama, lakini linasukumwa na feza ya sokoni. Badala ya kumkataza kuchimba, tumnunulie karanga, asali na uyoga wa miombo kwa bei ya haki, apate kuchagua bila kusukumwa na njaa.

Na yule anayeona bei hiyo ni kubwa mno, basi asimlaumu mama kwa jembe lake.