Nauli ya Ndugu

Abiria anayesema Kiswahili mjini Muscat hukutana mapema na swali la kimaadili ambalo wasafiri wengine huenda wasilione kabisa. Wema tunaotendewa kwa sababu ya lugha ni haki yetu, au ni upendeleo tuliokwisha kuuzoea?

Tuitazame safari ya kawaida ya mwisho wa juma, ambao nchini Oman, tangu mwaka 2013, ni Ijumaa na Jumamosi. Mtu amefikia Qurum, mtaa wa ufukweni uliopata jina lake kutokana na mikoko ya hori yake, naye anataka kwenda Mutrah kutazama bandari na soko. Anaweza kupanda basi la Mwasalat hadi Ruwi, kisha akaunganisha. Nauli ni baisa mia chache, nayo ni ileile kwa kila mtu. Wengi wa abiria wenzake ni vibarua kutoka Bangladesh, India na Pakistan, na kwa wengi wao Ijumaa ndiyo siku pekee ya mapumziko. Au anaweza kusimamisha teksi, gari jeupe lenye ubavu wa rangi ya chungwa. Kazi hiyo imetengwa kwa raia, kwa hiyo dereva ni Mwomani. Siku hizi zipo programu za simu zinazotaja bei, lakini teksi ya barabarani aghalabu huenda kwa mapatano, na mapatano huanza kwa salamu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Dereva akimsikia abiria akizungumza kwenye simu, huenda akamgeukia: “Kumbe! Mtu wa wapi wewe?” Mara inafahamika kwamba mama yake alizaliwa Unguja, au babu yake alikuwa na duka Tabora. Bei hushuka, pengine husahauliwa kabisa, na abiria huteremka akiwa na mwaliko wa chakula cha mchana. Basi la mjini halimuulizi mtu yeye ni nani. Teksi huanza na swali hilo.

Aristotle aliona kwamba watu wakiwa marafiki hawana haja ya haki baina yao. Huenda ndivyo ilivyo ndani ya teksi. Naye anayeutetea upendeleo huo atasema kwamba dereva anapunguza kilicho chake na hamnyang’anyi mtu yeyote. Ni kweli, zawadi si dhuluma. Lakini hoja hiyo humtetea mtoaji peke yake. Anayetoa ana hiari ya kuchagua wa kumpa. Anayepokea hana ruhusa ya kukiita alichopewa stahili yake. Nasi wapokeaji hurudi Dar es Salaam au London tukisimulia kwamba Oman ni nyumbani na watu wake ni ndugu zetu, kana kwamba nchi nzima ilienea ndani ya gari lile. Kibarua aliyekaa kiti cha nyuma cha basi angeisimulia Muscat nyingine, naye angekuwa anasema kweli.

Tena undugu huo haukuanza kwa usafi. Biashara ya majahazi iliyopeleka Ghuba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji ilipeleka pia watumwa. Wala lugha yenyewe haikuwa neema siku zote. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, maelfu ya watu wenye asili ya Oman walivikimbia visiwa. Na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, aliwaita Waomani waliokuwa ng’ambo warejee kuijenga nchi. Wengi walirejea wakikimudu Kiswahili kuliko Kiarabu. Waliitwa Wazanzibari, hata waliotoka Mombasa au Bujumbura. Lugha inayompunguzia abiria wa leo nauli ndiyo iliyomtia mzazi wa dereva alama ya ugeni katika nchi ya babu zake, baada ya kwisha kuitwa mgeni kule alikozaliwa.

Kwa hiyo dereva anaposema, “Weka pesa zako, ndugu yangu,” huenda anachokienzi si Kiswahili tu. Huenda anaukumbuka ugeni, na jinsi neno moja linaloeleweka lilivyoweza kuupunguza. Ikiwa ndivyo, fadhila yake hailipwi kwa kumtafuta Mswahili mwingine wa kumtendea mema. Anayeistahiki yuko basini, kwa sababu hana neno hata moja linaloweza kumfanya ndugu wa mtu humo. Kumwonyesha kituo, kumsogelea asikae peke yake, kumuuliza kwao ni wapi na kungoja jibu kwa lugha anayoimudu kwa shida: hayo ni machache, wala hayamwongezei ujira. Lakini abiria asiyeweza hata hayo afadhali alipe nauli yake kamili ndani ya teksi, maana undugu aliopunguziwa kwao bado hajauelewa.