Sori, Waitu

Katika kijiji cha Kanazi, palipokuwa na kikale, yaani makao ya kifalme, cha Omukama Kahigi wa Kihanja zama za Wadachi, na ambapo hata leo migomba ya huyu na mibuni ya yule hukaribiana hata mgeni asijue kibanja kimoja kimeishia wapi na cha pili kimeanzia wapi, tulikaa matanga ya jirani yetu mmoja ambaye mwanawe anafanya kazi ng'ambo. Na miongoni mwa salamu za rambirambi ilikuwamo barua ya Kiingereza iliyotoka kwa wenziwe wa kazini, akapewa kuisoma katekista mmoja mzee, kwa kuwa ndiye mwenye umri na heshima ya kusimama mbele ya watu siku kama ile. Akavaa miwani, akakohoa, akasoma polepole kama asomavyo Injili. Alipofika mahali ambapo waandishi walisema kwamba wanaomba pamoja nasi, ulimi wake ukatwaa la mahali pa ra, maana katika vinywa vyetu wengi herufi hizo mbili huazimana nguo. Na kwa Kiingereza tafauti hiyo ndogo ilitosha kuwafanya wafiwa waambiwe kwamba watu wa ng'ambo wanacheza pamoja nao.

Vijana waliotoka Dar es Salaam wakainamisha vichwa, mabega yakatikisika. Nami, niliyesomesha Kiingereza miaka mingi na ambaye nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe, nilicheka pamoja nao, kwa siri, nikajifanya nafuta jasho.

Usiku ule sikupata usingizi mapema, na swali lililonikesha halikuwa la sarufi. Nilijiuliza: dua iliyotamkwa vibaya imekwenda wapi? Na kicheko changu, kilichokuwa na matamshi sahihi kabisa, kimekwenda wapi?

Sina budi kukiri kwamba maradhi haya ninayo tangu ujana. Husumbuka nisikiapo mtu akiita hoteli kibanda cha chai na maandazi kisichokuwa na hata kitanda kimoja. Husumbuka nisikiapo sheli, jina la kampuni moja tu, likitumika kwa kila kituo cha mafuta. Husumbuka kwa tuisheni, ambayo kwa Waingereza ni mafundisho au ada yake, na kwetu imekuwa masomo ya jioni ya kulipia. Na mwanafunzi wa chuo kikuu aniambiapo kwamba mwenziwe amedisko, akimaanisha kwamba ameondolewa masomoni, hulazimika kujizuia nisimuulize ngoma ilipigwa wapi. Katika darasa langu mtoto aliyekosea alikosolewa mbele ya wenziwe, wenziwe wakacheka, nami sikuwanyamazisha, kwa kuwa nilidhani kicheko ni sehemu ya somo. Sisi Wahaya, isitoshe, tuna jina la utani nchi nzima, Nshomile, yaani nimesoma. Na mtu aliyepewa jina hilo huona haya kukosea kuliko aonavyo haya kutokujua.

Hata hivyo, nikitaka insafu, sharti niwapime Waingereza kwa kibaba kile kile. Kinywaji kinachotoka katika buni hizi, ambazo babu zetu walizichemsha na kuzikausha wakampokelea nazo mgeni kabla ya Mzungu yeyote kufika, Waarabu walikiita kahawa. Waturuki wakaligeuza neno, Wataliana wakaligeuza tena, na lilipofika London hapana Mwarabu ambaye angelitambua, wala sijasikia kwamba Mwingereza aliona haya. Safari wameichukua kwetu, nasi tuliichukua kwa Waarabu. Kwetu kwenda Muleba kumsalimu shangazi ni safari, kwao si safari mpaka aonekane simba. Wameandika katika ramani Ziwa Nyasa, ilhali nyasa ni ziwa, na kwa hiyo jina zima lina maana ya ziwa ziwa. Na hao hao wanaomcheka mtu kwa kuchanganya ra na la, cheo cha kanali wanakiandika kwa la mbili, na ile ya kwanza wanaitamka kana kwamba imeandikwa ra, wala hawaoni haya.

Lakini kuwashinda Waingereza kwa hoja hakujibu swali langu, maana swali lilikuwa juu ya kicheko. Juu ya hilo pana kisa katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, ambacho katekista wetu huyo huyo amekisoma mara nyingi kuliko mimi. Watu wa Gileadi, chini ya Yeftha, walivishika vivuko vya Yordani baada ya kuwapiga watu wa Efraimu; na kila mkimbizi aliyeomba kuvuka aliamriwa atamke neno moja, shibolethi, ambalo ni suke la nafaka. Waefraimu hawakuwa na sh katika vinywa vyao. Walisema sibolethi, wakachinjwa pale pale kivukoni, na Maandiko yanahesabu waliokufa wakati ule kuwa 42,000. Walikuwa ndugu wa damu moja, wa Ibrahimu mmoja, na Mungu mmoja waliyemwabudu. Waliokaa kivukoni hawakuuliza mtu anaamini nini, wala ameua nani, wala ana watoto wangapi. Waliuliza herufi.

Kisa hiki humgusa Mhaya kwa namna ya pekee, maana sisi ni watu wa sh. Mswahili anasoma, sisi tunashoma. Nyumba ambayo Mswahili huiita msonge, sisi ni mushonge. Na Wakristo wa kwanza wa nchi hii waliitwa abashomi, wasomaji, wakati jirani zao wa Buganda wakiitwa abasomi. Kwa hiyo Mhaya angevuka Yordani salama, na Mganda, jirani yake wa ng'ambo ya Mutukula, pengine angebaki. Nami nikifikiri hivyo huona jinsi wokovu wa namna hiyo ulivyo wa bahati tu, kama mtu aliyeponea kifo kwa sababu ya rangi ya kanzu aliyoivaa asubuhi. Hata mahali pa kujifunzia pana kivuko chake: bara twasema shule, kwa sh ya Wadachi, na ndugu zetu wa Unguja husema skuli, kwa s ya Waingereza, na kila mmoja humwona mwenziwe amepotoka kidogo.

Na liko jambo kubwa zaidi, ambalo nilipolitambua nililiweka kitabu chini. Jina la Bwana Yesu, kama alivyoitwa na mamaye katika lugha ya kwao, lilikuwa na sh ndani yake: Yeshua. Wayunani hawakuwa na sauti hiyo, wakaliandika kwa s. Walatini wakalipokea kwa s. Likatufikia sisi kwa s, na wamisionari Wakatoliki waliotua Kashozi mwaka 1892 wakatuletea pia z, tukasema Yezu. Basi jina ambalo Wakristo wote hupigia goti limepita kivuko kile likiwa na kosa lile lile la Waefraimu, na kama walinzi wa Gileadi wangalikuwapo lingaliuawa. Vivyo hivyo amina, neno la Kiebrania lililopita kwa Waarabu likapewa irabu ya mwisho na sisi wapenda irabu. Na hapa kwetu Kanazi mtu akisema Kristu utamjua kuwa Mkatoliki, akisema Kristo utamjua kuwa Mlutheri, kwa u na o tu. Zamani irabu hizo zilitosha kuzuia posa.

Wala nisidhaniwe kusema kwamba matamshi ni upuuzi. Ndugu zetu Waislamu wanayo elimu nzima ya tajwidi, na sababu yake ni bayana: kwa Kiarabu, kafu ya kooni ikiachwa ikatwaliwa kafu ya kaakaani, neno la moyo huwa neno la mbwa, na hakuna mcha Mungu atakaye kumwomba Mola amtakasie mbwa wake. Mwalimu wa chuo hukosoa, hukosoa tena, na mtoto hurudia hata ulimi ulainike. Lakini dini hiyo hiyo iliyochunga herufi namna hii inayo hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba asomaye Kurani kwa kukwamakwama na kwa taabu ana thawabu mbili, na wanazuoni wameeleza kuwa moja ni ya kusoma na moja ni ya taabu yenyewe. Na Nabii Musa, aliyesema na Mungu, alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Hakuambiwa aende kwanza akajifunze ufasaha, alipewa Haruni awe msemaji wake. Tafauti ya mkosoaji na mwenye dhihaka naiona hapo: mkosoaji hukaa chini na mwanafunzi mpaka neno litoke, na mwenye dhihaka humwacha pale pale kivukoni. Watu wa pwani, ambao kwa baraka ya Kiarabu hutamka dhahabu na thelathini bila shida, hutucheka sisi wa bara kwa zahabu na selasini; ulimi huo huo ndio unaowafaa katika Kiingereza, kwenye sauti zilizowashinda Wadachi na Wafaransa. Ni neema ya kuzaliwa mahali, si ya kufanyiwa kazi.

Nina la kusimulia juu ya neno moja, ambalo kwa miaka mingi nililihesabu katika orodha ya makosa yasiyosameheka. Masika moja alifika kwetu mgeni, bibi wa Kiingereza, nami nikaombwa nimtembeze. Njia ya kupita katika kibanja ilikuwa imelowa, majani makavu ya migomba yamelala juu ya tope jekundu, na yeye amevaa viatu vya soli nyororo. Akateleza, akaketi chini kwa kishindo, mkono mmoja umeshika mgomba na mwingine umezama. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akianika buni kwenye mkeka mbali na pale, akatupa ungo wake akaja mbio, anasema, "Sori, waitu! Sori, sori!" Akamshika mkono, akamfuta tope kwa ncha ya kanga yake. Mgeni, kwa adabu yake yote, akamwambia kwamba hakuna haja ya kuomba radhi, kwani kosa si lake. Mama akanitazama. "Mwalimu, anasema nini?"

"Anasema hukumwangusha wewe, mama."

"Kwani nimesema nimemwangusha? Mtu ameanguka, nisimwambie pole?"

Nilitaka kumweleza kwamba kwa Waingereza neno lile, likisemwa namna ile, huchukuliwa kuwa la kuomba radhi, na kwamba yeye amelitumia isivyo. Nilirudi nyumbani nikafungua kamusi kubwa, kwa nia ya kupata hoja. Nikakuta kwamba katika Kiingereza cha kale neno hilo limezaliwa na neno la kidonda, na maana yake ya kwanza ni kuumwa, kuwa na maumivu. Mama wa Kanazi, asiyejua kuandika jina lake kwa lugha hiyo, alikuwa amelirudisha neno kwao. Aliumwa kwa ajili ya mtu asiyemjua. Waingereza wamelipunguza mpaka wengi wao hulisikia kama hati ya kukiri kosa, na mtu asiye na kosa hujiona hana haja nalo. Sisi tuliolikosea tumelipa kazi ya pole, ambayo haiulizi nani kaangusha.

Nikamkumbuka bwana mmoja aliyepata kutuhutubia wakulima wa kahawa juu ya malipo yetu yaliyochelewa. Kiingereza alichokitia katika hotuba yake kilikuwa safi kama sauti ya redio, kila herufi imekaa kitini pake. Wazee wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, wakapiga makofi. Fedha hazikuja msimu ule. Hakuna aliyemcheka.

Lakini kisa kinachonirudia zaidi ni cha Petro uani kwa kuhani mkuu, usiku ule wa baridi, akiota moto. Waliosimama karibu walimwambia kwamba hakika yeye ni mmoja wao, kwani usemi wake unamtambulisha. Alikuwa na lafudhi ya Galilaya, lafudhi ya wavuvi wa ziwani ambayo watu wa Yerusalemu waliicheka. Akaapa kwamba hamjui mtu huyo. Nimeisoma aya hiyo tangu utoto nikidhani kwamba lafudhi ndiyo iliyomsaliti, na sasa naiona kwa namna nyingine: katika maneno yote aliyoyasema Petro pale uani, kitu pekee kilichosema kweli ni ile lafudhi yake.

Katekista wetu angali hai. Nilikwenda kwake baada ya arobaini, nikamwambia nilicheka. Akaniambia alituona, na kwamba hata yeye alipofika nyumbani mkewe alimweleza kosa lilikuwa wapi, wakacheka wote wawili. Kisha akaniomba nimfundishe ile ra. Tumeanza, jioni baada ya kazi za shambani, na haijatoka vizuri bado. Nawe msomaji, ukipita Kanazi wakati wa masika ukateleza katika tope letu, atakuja mama mmoja mbio akuambie sori. Usimweleze kwamba kosa si lake. Mwitikie asante, umshike mkono, uinuke.