Je, Choo Kilichopita Ukaguzi Kimetimiza Wajibu Wake?

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata Buwenge, kaskazini mwa mji wa Jinja, ndani ya choo kipya.

Wakati wa likizo nilimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi ujenzi, kukagua vyoo vya jengo moja la umma kabla ya kulikabidhi. Yeye alishika tepu ya kupimia, mimi nikashika fomu. Upana wa mlango: sentimita 90. Nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu: mita moja na nusu. Kimo cha choo cha kukalia: sentimita 48. Vyuma vya kushikilia: vipo, vimekazwa. Niliweka alama ya vema kila mahali.

Jioni shangazi yangu alipita akitoka sokoni. Yeye hutumia kiti cha magurudumu kwa sababu ya polio aliyougua utotoni. Mjomba akamwomba ajaribu. Aliingia bila taabu, akageuka, kisha akanyamaza. Komeo la mlango lilikuwa juu, kwenye kimo cha mtu aliyesimama.

"Mwanangu," akaniambia, "kuingia nimeingia. Sasa nitajifungiaje?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: siku ya soko hanywi maji tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani.

Fomu haikuuliza kuhusu komeo. Je, nilikuwa nimesema uongo? Kila nilichoandika kilikuwa kweli, lakini jumla yake ilisema kwamba choo kile kinamfaa shangazi, na hilo halikuwa kweli.

Kuna hoja nzito ya kuitetea fomu. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 hapa Uganda inataka jengo lipate kibali kabla ya kuanza kutumiwa. Mkaguzi akiruhusiwa kudai mambo yasiyoandikwa, leo atadai komeo, kesho atadai chai. Vipimo vilivyoandikwa humlinda mjenzi dhidi ya mkaguzi mwenye tamaa. Hoja hii siipuuzi.

Hata hivyo, Aristotle, katika kitabu cha 5 cha maandishi yake ya maadili kwa Nikomako, anawataja waashi wa Lesbos waliotumia rula ya madini ya risasi, iliyopinda kufuata umbo la jiwe. Alitaka kuonyesha kwamba sheria husema kwa ujumla, ilhali maisha huja moja moja, hivyo haki huhitaji kitu kinachoweza kuisahihisha sheria pale inapopungua. Tatizo letu ni hili: rula inayopinda mkononi mwa mkaguzi inaweza kupindishwa na rushwa.

Kwa maoni yangu, rula hiyo asipewe mkaguzi, apewe mtumiaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unazitaka serikali, katika kifungu cha 4, kushauriana na watu hao katika maamuzi yanayowahusu. Ushauri huo usiishie katika kumbi za mikutano za Kampala. Ukaguzi wowote wa choo cha aina hii ungeanza kwa kumwomba mtu mwenye kiti cha magurudumu aingie, ajifungie, anawe mikono na atoke bila kusaidiwa. Jaribio hilo halimpi mkaguzi nafasi ya kudai chai, kwa kuwa jibu huonekana na wote waliopo.

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 35, inatambua haki ya watu wenye ulemavu ya kuheshimiwa na kulindiwa utu wao. Mlango wa sentimita 90 unampa shangazi njia. Komeo analolifikia ndilo linalompa heshima, maana mtu ni utu, na utu haukai mlango ukiwa wazi.

Mjomba alilishusha komeo kwa bisibisi, kazi isiyofika robo saa. Mimi nilirudi kwenye fomu nikitafuta pa kuandika tulichokifanya. Hapakuwa na nafasi. Nikaandika pembeni, kwa kalamu, neno moja: komeo.