Tafakuri ya Ramadhani 14: Ukishalipa, deni limekwisha?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Si kila mtu hapa Bariadi anafuturu kwake. Kuna mwalimu aliyepangiwa kazi huku na familia iko mbali, kuna dereva wa basi, kuna kijana mpangaji asiye na hata jiko. Na wenye familia nao, siku moja moja, wanawatoa watoto wakale mgahawani. Hakuna ubaya. Allah ametuhalalishia vilivyo vizuri. Alichokataza ni israfu.

Sasa swali la leo. Umeagiza chips mayai na mishkaki, umeletewa, umelipa bei yake. Biashara imetimia. Je, kuna chochote unachodaiwa na yule aliyekukaangia? Wengi watajibu haraka: "Sheikh, si nimelipa?"

Tusikilize mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.). Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, tumefundishwa kwamba mtumishi akikuletea chakula, umkalishe mle pamoja. Ikishindikana, basi umpe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba joto lake na kazi ya kukiandaa.

Utasema: hiyo ni ya bwana na mtumishi wa nyumbani, mimi ni mteja tu. Sawa, hoja ina uzito. Lakini tazama sababu iliyotajwa. Sababu ni joto. Na joto la karai halipungui kwa kuwa mteja ana pesa.

Aliyefika Forodhani, Unguja, ameona pizza ya Zanzibar inavyopikwa. Donge la unga linatandazwa mpaka linakuwa jembamba, linawekwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, linakunjwa pembe nne, kisha linakaangwa kwenye chuma cha moto. Mlaji anapata harufu, mpishi anapata moshi. Chips mayai zetu ni hivyo hivyo: viazi kwenye karai, kisha kikaangio, mayai juu, geuza. Na jioni ya Ramadhani kila mteja anataka sahani yake dakika ileile moja. Adhana inaita, sisi tumeshika tende, na mhudumu aliyefunga kama sisi bado anakimbizana na sahani zetu. Ndugu zangu, kuharakisha kufuturu ni sunna. Basi sunna yetu isiwe sababu ya mwenzetu kuikosa yake.

Na kama mhudumu si Muislamu? Mji wetu una watu wa dini mbalimbali, na wengi wanaotupikia hawafungi. Joto halichagui dini. Naye mkaribishe.

Tufanye nini basi? Agiza mapema, usisubiri dakika ya mwisho halafu upige kelele. Beba tende mbili zaidi ya zako. Adhana ikiita, muulize, "Umefuturu?" Kama bado, mpe tende na maji, na sahani yako isubiri kidogo. Tumefundishwa kuwa anayemfuturisha aliyefunga anapata mfano wa ujira wake, bila ya wa yule kupungua. Na ukimkatia kipande, mkatie kabla hujala. Ukishashiba ukamsogezea sahani ya mifupa, hayo ni makombo. Umempa kazi ya kwenda kutupa tu.

Huenda akakataa, au tajiri wake hapendi wahudumu wakae na wateja. Usimlazimishe ukamponza. Ndiyo maana hadithi imetupa daraja mbili: kukaa pamoja, na chini yake tonge tu.

Nanyi wenye migahawa mnaosoma hapa: wapeni waliofunga dakika tano za Maghribi. Sisi wateja hatutakufa. Na ujira wao watoeni kabla jasho halijakauka, wasiingie Idi wanakudaini.

Kulipa ni haki ya muuzaji. Kumkumbuka aliyesimama kwenye moto ni ihsani, na Ramadhani imekuja kutufunza ihsani. Leo jioni, popote utakapofuturu, hata kama ni nyumbani na mpishi ni mkeo au binti yako, tazama kwanza nani bado hajakaa.

Allah atutakabalie funga zetu, na za wanaotupikia. Aamin.