Je, Wachache Wauawe Ili Wengi Waokoke?

Baadhi ya vijana wa darsa zetu za Kibera na Kawangware, waliposikia habari za meli Khedive Ismail, wametuuliza mas-ala haya. Na Kibera, mji ulioasisiwa na askari wa Kisudani, habari za vita si ngeni.

Meli hiyo, kwa asili ya abiria, iling'oa nanga Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo, imechukua wauguzi na askari, wengi wao wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, manowari ya Kijapani ya chini ya maji ikaizamisha kwa muda usiotimia dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Kisha adui akajificha chini ya waliokuwa wakielea, na manowari ya Kiingereza ikatupa mabomu papo hapo penye waja wa Mungu, kwa kuzichelea meli nyingine za msafara.

Imam Ghazali, katika Al-Mustasfa, asema: watu wa chombo kimoja, wasipomtupa mmoja wao wakazama wote, haifai kumtupa. Alilolikubali ni kumpiga adui aliyejikinga kwa mateka Waislamu, kwa masharti matatu: dharura, yakini, na maslaha ya umma mzima. Basi meli nne au tano si umma mzima; na yakini ilikuwa wapi?

Ni kweli, kuhukumu barazani ni rahisi, na nahodha yule alikuwa na dakika chache. Udhuru wake twamwachia Mola wake. Lakini kumpa mtu udhuru si kukihalalisha kitendo. Kwa rai yetu, hakikujuzu. Mwenye dalili ya kuturudi na atuletee, nasi tutaichapisha.