Aliyeshurutishwa Ahukumiweje?



Katika darasa letu limezuka suala ambalo twaona si haki kulinyamazia. Mtu akiuzwa kama bidhaa, kisha katika kule kuuzwa kwake akatenda jambo lililokatazwa na sheria, je, ni mkosa sawa na aliyetenda kwa khiyari yake?

Suala hili si la vitabuni tu. Natuutazame Kangema, mji mdogo wa Kaunti ya Murang'a, chini ya milima ya Nyandarua, katika nchi ya chai na kahawa. Kangema haina bandari wala hoteli za watalii. Lakini mashamba ya huko yamegawanywa baina ya wana na wajukuu hata vikabaki vipande, na binti aliyekosa karo ya kuendelea na masomo hutazama upande wowote utakaomletea kazi. Tuchukue mfano wa binti kama huyo. Huja mama mwenye heshima zake, akasema kuna tajiri Mombasa ataka msichana wa kazi za nyumbani. Nauli hulipwa, na wazazi hushukuru. Afikapo pwani hunyang'anywa simu, akaambiwa kwamba nauli, chakula na malazi yote ni deni, na deni hilo litalipwa kwa mwili wake.

Usiku mmoja akamatwa na askari. Asubuhi asimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kuzurura kwa ajili ya ukahaba. Haijui sheria, ameonywa asiseme neno, basi akiri kosa. Atozwa faini, na ni nani ailipaye? Ni yule yule aliyemleta. Binti atoka mahakamani na deni kubwa kuliko lile aliloingia nalo. Hukumu iliyokusudiwa kuzuia uovu imekuwa kamba nyingine mkononi mwa mwovu.

Sheria ya nchi haikulisahau jambo hili. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu, iliyopitishwa Kenya mwaka 2010, yasema katika kifungu cha 14 kwamba aliyelanguliwa hatawajibika kwa kosa la kuwapo nchini bila idhini, wala kwa tendo lolote la jinai lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Yasema pia kwamba ridhaa yake haizingatiwi ikiwa alihadaiwa au alitishwa. Na akiwa mtoto, hata hadaa haihitaji kuthibitishwa. Yatosha kwamba alichukuliwa ili atumiwe. Mlanguzi naye adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Wala sisi Waislamu hatuna haja ya kuiona hukumu hii kuwa ni ngeni. Madina alikuwapo Abdullahi bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, aliyekuwa akiwashurutisha vijakazi wake wazini ili apate fedha. Ikateremka aya ya 33 ya Sura An-Nur kukataza dhulma hiyo, na mwisho wake ikataja maghufira na rehema ya Mwenyezi Mungu baada ya kushurutishwa kwao. Wafasiri wengi wamefahamu kwamba maghufira hayo ni ya wale wanawake, na dhambi ni ya aliyewalazimisha. Imesimuliwa vilevile kwamba Sayyidna Umar aliletewa mwanamke aliyezini. Ikadhihiri kwamba alishikwa na kiu kikali, na mchunga akakataa kumpa maji ila ajitoe kwake. Umar akamtaka shauri Sayyidna Ali, naye akasema kuwa huyu alidharurika, mwanamke akaachiliwa. Natuangalie hapa: lau Umar angaliuliza tu, "Umezini au hukuzini?", mwanamke yule angaliangamia. Aliyemwokoa ni yule aliyeuliza ilikuwaje.

Huenda msomaji akasema: mkifungua mlango huu, kila mkosa atapita akidai alishurutishwa. Twajibu kwamba sheria haikusema dai litosheke. Lazima ichunguzwe nani alimleta, nani aliyashika mapato yake, na kwa nini hakuweza kuondoka. Uchunguzi huo huo ndio utakaomfikisha hakimu kwa mlanguzi. Anayemfunga binti bila ya kumwuliza amempoteza shahidi wake wa kwanza.

Lipo pingamizi lililo zito zaidi, nalo ni damu. Wanachuoni wetu wamesema kulazimishwa hakuhalalishi kumwua asiye na kosa, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 yampa aliyelanguliwa utetezi, lakini imeyatoa mauaji. Twakubali kwamba hapa pana mpaka. Lakini mpaka hauondoi wajibu wa kuuliza. Huko Tennessee, Marekani, Cyntoia Brown alimwua mwanamume mwaka 2004, naye ana umri wa miaka 16, katika siku ambazo mwanamume mwengine alikuwa akimtuma kujiuza. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Gavana alimpunguzia adhabu mnamo Januari 2019, akatoka gerezani Agosti ya mwaka huo. Alitoka kwa huruma ya mtu mmoja baada ya miaka kumi na mitano. Sisi twaona kwamba lililo haki lisingojee huruma.

Na sasa tuseme na nafsi zetu, sisi watu wa pwani. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya na UNICEF wa mwaka 2006, juu ya watoto waliokuwa wakitumiwa kwa zinaa katika pwani yetu, ulikuta kwamba wageni wa ng'ambo hawakuwa peke yao: Wakenya walikuwa kiasi cha asilimia 38 ya wateja. Basi tusijifiche nyuma ya mtalii. Binti huyo alilala katika nyumba iliyokodishwa na mtu, akapita mbele ya duka la mtu, na majirani wakasema, "Ni malaya wa bara." Neno hilo ni hukumu iliyotolewa kabla ya hakimu kufungua faili.

Yatupasa nini? Mwenye nyumba aulize pango latoka wapi. Mwenye kumwona mtoto ametiwa katika hali hii apige namba 116, simu ya bure ya watoto. Mawakili wetu wakisimame kifungu cha 14 mahakamani siku ile ya kwanza, kabla mshtakiwa hajakiri asilolielewa; kwani sheria isiyotajwa haimfai aliyedhulumiwa. Na wazazi wa Kangema, na wa kila mji mwengine, wasimtoe binti kwa ahadi ya mdomo bila ya kujua jina la mwajiri na nyumba yake.

Na akirudi kwao, apokewe. Aliyesamehewa na Mola wake na kuachiliwa na sheria, sisi ni nani hata tuendelee kumfunga kwa ndimi zetu?

Wabillahi tawfiq.